Siku Baba Alipobisha Hodi Kwake

Kwa watu wetu, nyumba ya miti hufa pamoja na mwenyewe. Mtu akishazikwa hakuna anayeikandika tena. Masika ya kwanza yanabomoa udongo, ya pili yanalaza miti, na mwaka wa tatu watoto wanachimba viazi pale palipokuwa na kitanda cha marehemu. Sikuwahi kusikia watu wakigombania nyumba ya miti. Wangegombania nini, nyasi?

Baba yangu alijenga ya matofali.

Kazi hiyo aliijulia kwa Wadachi, walipokuwa wanajijengea majumba yao hapa chini ya mlima, kabla reli haijafika Morogoro. Alianza kwa kukanyaga udongo, akapewa kalibu ya kufyatulia, mwisho akawa fundi wa tanuri, mtu anayejua kwa rangi ya moshi kama tofali limeiva. Alipomaliza kuchoma ya watu akaanza kuchoma yake, Jumapili kwa Jumapili, siku ambazo Wadachi hawafanyi kazi. Nyumba ikasimama. Vyumba viwili, ukumbi, baraza, paa la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, na mlango wenye kufuli la duka la Mhindi. Mvua ikinyesha hatusikilizani humo ndani, lakini haivuji.

Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu. Mdogo wangu ni msichana, na wa mwisho ni wa kiume. Aibu yangu inajulikana mtaa mzima. Mgeni akija nakimbilia jikoni, na nikisalimiwa naitikia kwa ndani mpaka mtu anadhani sikufundishwa adabu. Kwa kuwa baba aliwajengea masista ukuta wa shule, walinipokea nisome, ingawa sisi ni Waislamu, nikasoma mpaka darasa la juu kabisa walilokuwa nalo. Nisiyoweza kuyasema nayaandika. Daftari halimcheki mtu.

Mambo yalianza na msiba wa jirani. Alikuwa fundi mwenzake baba, naye alijenga ya matofali, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Homa ilimshika siku nne, akafa. Arobaini ilipokwisha wapwa zake wakateremka kutoka mlimani, watu wapole tu, wakasalimia kila mtu, wakamwambia mjane afungashe. Hawakumtukana wala hawakumgusa. Ndiyo mila yetu sisi Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Wapwa ndio wanaomzika, ndio wanaobeba jina lake na mizigo yake, basi na vyake ni vyao. Mjane hurudi kwao na vyungu vyake na wanawe, na huko hupewa shamba, maana huko ndiko iliko ardhi yake. Kila mtu ana pa kwenda. Nikifikiri vizuri, naona mila haikumwacha mtu nje.

Ila mila haikuwa imelijua tofali.

Yule mama alipita mbele ya baraza letu, vyungu viwili kichwani na mtoto mgongoni, hata eda yake haijaisha. Mama yangu akatoka kumsindikiza. Baba alikuwa anakula. Aliacha kula, akautazama ukuta wetu kama mzazi anayegundua kwamba mtoto wake amemzidi kimo.

"Ukuta huu utanizika," alisema.

Mama aliporudi alimkuta vile vile, tonge limekauka mkononi.

Kesho yake akaenda bomani. Karani mmoja wa huko akamwandikia karatasi, ikapigwa muhuri wenye ndege aliyetanua mabawa. Baba alirudi nayo ameishika kwa vidole viwili kama amebeba yai, akanipa nimsomee mama jikoni.

"Nikifa, nyumba yangu ya matofali ni ya mke wangu na wanangu, na mtu mwingine asiiguse."

Mama alichochea moto. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Inaanza na neno gani?"

"Nikifa."

"Basi siitaki. Karatasi inayokaa sandukuni ikikungoja ufe, siwezi kulala nayo chumba kimoja."

Baba alicheka, lakini niliona ameumia. Alikuwa ametembea juani, amesimama foleni, amemwamkia karani aliye mdogo kuliko yeye. Jioni ile akanichukua twende kwa maalim, nadhani alikuwa anamtafuta mtu wa kumsifu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu karatasi ilikuwa ya herufi za Kizungu, na maalim anasoma za Kiarabu tu.

Maalim wetu ni mfupi na ana haraka. Hushona kofia huku akifundisha, na akikosea mshono humlaumu mwanafunzi. Nilimsomea nikiwa nimeutazama mkeka. Aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Muhuri mzuri. Ndege huyu wa nani?"

"Wa serikali, maalim," alisema baba.

"Anajua kugawa mirathi?"

Baba aliutazama muhuri.

"Mkeo ni mrithi wako. Wanao ni warithi wako. Wasia haumwendei mrithi, ila warithi wenzake waridhie. Wasia ni wa mtu asiye na fungu, kama rafiki, au yatima uliyemlea, au msikiti. Na huyo naye hapati zaidi ya theluthi. Hukulijua hilo?"

"Sikulijua."

"Miaka yote hii unaswali nyuma yangu!"

"Kwa hiyo wapwa zangu wataichukua?"

"Kwa sheria ya dini hawana kitu, maana una mtoto wa kiume. Kwa mila wana kila kitu. Kwa serikali, muulize ndege. Siku ukifa watasimama watu watatu juu ya kaburi lako, kila mmoja na lake, na mkeo yumo ndani ya eda, hawezi hata kutoka nje kujibu. Wewe utakuwa umelala tu." Akakata uzi kwa meno. "Lakini leo hujafa. Unaumwa popote?"

"Goti."

"Goti halihesabiwi. Ungekuwa kitandani unakata roho ningekwambia umechelewa, maana atoaye wakati huo anahesabiwa kama aliyeusia. Wewe unatembea. Basi mpe leo. Mtu mwenye afya na akili zake akitoa chake kwa hiari, hakuna wa kukirudisha, wala dini wala ukoo. Hiyo ndiyo hiba. Lakini hiba si maneno, na karatasi peke yake ni maneno yaliyokauka. Hiba ni mkono kwa mkono. Kikapu unampa mtu anakishika. Nyumba je, utamshikisha? Unatoka. Wewe na kila kilicho chako. Unampa ufunguo mbele ya watu, anaingia yeye. Baadaye akikukaribisha, hiari yake."

"Nitoke nyumbani kwangu?"

"Kwake," alisema maalim. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaongeza, "Na dada yako ajue kwanza. Ukiitoa nyumba nyuma ya mgongo wa dada yako, umempa mkeo nyumba na vita ndani yake."

Siku tatu baba hakulitaja neno hilo. Ya nne, kabla jua halijachoma, tukapanda mlimani kwa shangazi, mimi na yeye. Sitaki kusema uongo katika daftari langu. Nilimwogopa shangazi kuliko simba. Ndiye mkubwa wa tumbo lao. Mjomba wao alikwisha kufa, na wapwa wa baba ndio wana wawili wa shangazi. Kwa hiyo katika mali ya baba, neno lake lilikuwa linatangulia maneno ya wote. Tulifuata mto, tukaupita mpaka wa ukungu, njia ikawa kama ngazi. Wanawake walikuwa wanateremka na matenga ya mboga wakikimbia, maana mteremko ule haukubali mtu kutembea.

Tulimkuta uani anapura maharage, mwanawe mkubwa yuko pembeni ananoa panga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda. Na wewe mwanangu, shikamoo yako imeanguka njiani?"

Nilikuwa nimeitoa, ila haikufika nje. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sasa nimekuona."

"Mke wangu amekuja na kalamu yake!" alisema yule binamu. Ndivyo alivyonitania tangu nikiwa mdogo, na utani huo baina ya mabinamu kwetu hauna ubaya. Nikajibanza nyuma ya baba.

Baba alieleza yote. Hakuficha karatasi ya bomani, wala maneno ya maalim, wala mjane wa jirani na vyungu vyake. Shangazi hakuacha kupura, lakini niliona mikono yake inazidi kupunguza mwendo. Nilipenda alivyosikiliza. Watu wengi husikiliza huku wanatafuta pa kuingilia.

"Nikuulize, mdogo wangu," alisema shangazi, baba alipomaliza. "Nani atakuzika?"

"Wanao."

"Ukifa na mzigo wa mtu, nani ataubeba?"

"Wanao, dada."

"Halafu wao unawaachia nini? Majembe ya kukuchimbia kaburi?"

"Mjomba, tuachie hata mlango," alisema binamu, na wote wakacheka, hata baba. Kisha baba akawa mzito.

"Shamba la huku nililopewa na ukoo linarudi kwenye ukoo. Hilo si langu kumpa mtu, na sitalitaja hata kwa mke wangu. Mbuzi ni wao. Gobore la babu ni lao. Kalibu na vyombo vyote vya ufundi ni vya huyu mwenye panga, na kazi nitamfundisha mwenyewe. Ninachoomba ni nyumba tu."

Shangazi alikung'uta ungo. "Iko njia nyingine, isiyomtoa mtu nyumbani kwake." Akanitazama mimi. "Huyu aolewe na mwanangu. Ndivyo walivyofanya wazee wetu ili mali isitoke na watoto wasitoke. Nyumba itabaki kwa wapwa, na ndani atabaki mtoto wako na mama yake. Nani amepoteza?"

Panga liliacha kulia kwenye jiwe. Utani wa miaka yote ulikuwa umekuja kukaa katikati yetu, na haukuwa utani tena.

"Nakuuliza wewe, mwanangu," alisema shangazi. "Si baba yako."

Nilijua vizuri kwamba msichana akiulizwa habari hiyo akanyamaza, kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ndiyo. Nilijua, na mdomo haukufunguka. Nilijaribu. Niliyatazama maharage, meupe na mekundu, nikatafuta neno moja tu, dogo, la herufi mbili tatu, sikulipata. Nikamsikia baba anavuta pumzi ili anisemee. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini, na sijamwuliza, kwa sababu naogopa jibu.

Shangazi akanyanyua mkono. "Mwache. Nimewaona wengi wanaonyamaza kwa haya, macho yao yanacheka. Huyu amenyamaza kama mtu aliyekabwa koo. Hilo tumeliondoa." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe acha kumwita mke."

"Nimeacha, mama," alisema binamu, haraka mno, na mimi, pamoja na hofu yangu yote, nikajisikia vibaya kidogo.

Siku hiyo ndiyo nilianza kumpenda shangazi. Alikuwa na njia rahisi mkononi, njia ya wazee, yenye faida kwa wanawe, na aliitupa kwa sababu ya uso wangu.

Aliinama akaokota punje zilizoruka. Halafu akauliza, "Matofali yale, udongo wake uliuchanganya na maji ya nani?"

"Ya mtoni."

"Nauliza nani aliyachota."

"Mke wangu," alisema baba.

"Nilishuka mjini kiangazi kile. Alikuwa na mimba ya huyu wa kiume, mtungi kichwani, anapanda kutoka mtoni. Nilikaa barazani kwa jirani nikaanza kuhesabu safari zake. Nikachoka kuhesabu. Mimi niliyekaa ndiye niliyechoka." Akasimama. "Nitashuka Ijumaa ya juma lijalo. Lakini nitaona kwa macho yangu. Utoke kweli. Nikikuta ndani kitu chako kimoja, hata kiatu, nitajua unacheza, na wanangu watashika haki yao ya mila. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na mimi nilisikia. Naandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuwepo.

Siku zile za kungojea, kila mtu nyumbani alikuwa na lake. Mama alifagia hata palipofagiliwa. Baba alipanga vyombo vyake, akavipangua, akavipanga. Mimi hakuna aliyeniambia baba atakaa nje kwa muda gani, na mimi sikuweza kuuliza. Nilikuwa nimeona vitu vya mwanamume vikitolewa nyumbani mara moja tu, kwa jirani, na mwenyewe hakurudi. Basi Alhamisi nikachukua kofia yake kuukuu, ile anayovaa tanurini, inayonuka moshi, nikaikunja ndani ya mkeka wangu wa kulalia.

Ijumaa baada ya swala watu walijaa mbele ya baraza kama arusi. Wanaume wa msikitini walikuja na maalim. Majirani walikuja kwa sababu hawakuwahi kuona jambo kama hilo. Shangazi alifika na mwanawe mkubwa, vumbi la njia lingali miguuni, akakataa maji ya kunywa. "Nitakunywa nikijua nanywa kwa nani," alisema.

Vitu vikaanza kutoka. Sanduku, koti, mkeka wa kuswalia, taa, kalibu tatu, pima maji, mwiko, kitanda. Baba aliweka godoro kichwani, akatoka nalo, na mtaa ukamlaki.

"Fundi, hongera! Tumesikia umeolewa!"

"Mahari umepewa ngapi?"

"Mwanamume anajenga, halafu anafukuzwa! Haya ndiyo mambo ya mjini!"

Binamu alikuwa amebeba kitanda. "Mjomba," alisema kwa sauti wote wasikie, "mke amekutoa na talaka hujaandikiwa. Hata msafara wa mjane ulikuwa na adabu kuliko huu."

Baba alikuwa anacheka, lakini nilimwona masikio. Masikio yake yalikuwa mekundu kama tofali. Fundi anayeheshimiwa na Wadachi, anayesimamia vijana kazini, amesimama barabarani na godoro kichwani mbele ya hao hao vijana, kwa ajili ya mwanamke aliyechota maji. Nimesoma habari za mashujaa katika vitabu vya shule, wote wana mikuki. Sijasoma ya mwenye godoro.

Shangazi akaingia ndani kukagua. Hakuwa na haraka. Tulimsikia akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akifungua mitungi, akihamisha kinu. Akaingia chumba chetu. Ningeweza kukimbilia jikoni kama kawaida yangu, na nadhani nilipiga hatua moja kuelekea huko.

Alitoka ameishika ile kofia.

"Ya nani hii?"

"Ya mjomba," alisema binamu, na safari hii hakutania.

Maalim alifumba macho. Mama alijiziba mdomo. Baba aliitazama kofia, akajipapasa kichwani, akasema kwa mshangao wa kweli, "Nilidhani imepotea." Lakini nani angeamini? Watu wakaanza kunong'ona. Nilimsikia mmoja akisema, "Anajiwekea mguu ndani." Uso wa shangazi ulikuwa unafungwa polepole, kama mlango.

"Ni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia.

"Ni mimi niliyeificha!"

Sauti ilitoka kubwa kama ya mwuza samaki. Watu wote waligeuka, na nilitamani ardhi ya Morogoro yote ipasuke, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka na yalikuwa hayarudi.

"Ulikuwepo niliposema, kule mlimani," alisema shangazi.

"Nilikuwepo."

"Ukasikia."

"Nilisikia."

"Kisha ukaificha. Kwa nini?"

"Nilidhani hatarudi. Nilitaka kitu chake kibaki."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Ninachojua ni kwamba mwanamke yule angeweza kusema, mimi nilitoa neno, neno limevunjwa, mbuzi na nyumba ni vya wanangu, na hakuna hata mtu mmoja pale ambaye angemlaumu. Wanawe walikuwa na haki, na yeye alikuwa ndiye mama yao.

"Njoo uichukue," alisema. "Mpelekee wewe, kwa mkono wako, mpaka nje. Asije mtu akasema mimi ndiye niliyeitoa."

Nilivuka baraza. Zilikuwa hatua kumi hivi, na nilizisikia zote. Baba akaipokea, akaivaa juu ya ile nyingine aliyoivaa kwa Ijumaa, akasimama na kofia mbili kichwani na godoro miguuni, na watu wakacheka kicheko kingine, kisichouma.

"Sasa imetoka," alisema shangazi, akamgeukia maalim. "Endelea."

Maalim alimwita mama mbele. Baba akasema amempa nyumba ile, kuta zake, paa lake na kiwanja chake, akiwa na afya na bila kulazimishwa. Mama akasema ameipokea. Sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu ya siku zote, nikajua nimeirithi wapi. Shangazi na binamu wakasema wameona na wameridhia. Ile karatasi ya bomani maalim alimrudishia baba, akamwambia akitaka aandikiwe nyingine inayoanza na neno "nimetoa", nayo hiyo ataiheshimu. Baba akaweka ufunguo katika kiganja cha mama.

Mama akaingia. Shangazi akaingia nyuma yake akinivuta mkono. Mama akafunga mlango, akasukuma komeo, akabaki ameuegemea kwa mikono yote miwili.

Tukasikia kutoka nje, "Hodi."

Mama akashika komeo. Shangazi akamshika mkono. "Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "hodi ya kwanza haina haraka."

"Hodi wenyewe!"

"Nikimkaribisha sasa hivi," alinong'ona mama, "watasema ulikuwa mchezo."

"Watasema."

"Lakini ana njaa."

"Maalim ana chakula."

Mama alivuta pumzi. Nilimwona akikua, sijui nisemeje vingine, shingo yake ilirefuka. Akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Fundi, leo nyumba haina nafasi. Tunafagia. Njoo kesho."

Kelele zilizotoka nje ziliamsha kuku wa mtaa mzima.

"Nilale wapi?" baba alilia.

"Kwa dada yako!"

"Dada yangu si yumo humo ndani!"

Hapo shangazi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akijifuta machozi kwa upindo wa kaniki. Tukasikia mtu akimshauri baba aende kwa maalim, na baba akisema kwa maalim kuna kunguni, na maalim akiuliza kwa hasira nani aliyesema hivyo. Mwisho sauti zikapungua, kitanda kikaondoka kichwani mwa binamu, na baba akaenda kulala kwa watu.

Shangazi ndipo akaomba maji. Alikunywa kata mbili. Kisha, kabla jasho halijamkauka, akauliza, "Na wewe, wifi yangu, ukifa?"

"Wifi! Nimeipata mchana huu, unanizika kabla ya magharibi?"

"Ndiyo siku ya kuuliza. Mtu akishaizoea nyumba hatoki tena. Imetoka kwetu, imeingia kwenu. Kaka zako wanalijua tofali? Watoto wako watatu, wanajua nani atakaa wapi? Leo mimi nimekubali kwa sababu niliulizwa nikiwa hai, na aliyeniuliza alikuwa hai. Usiniambie. Fikiri tu."

Niliona kwamba usiku ule mama hakulala upande wake wa siku zote. Alihamisha mkeka wake mara mbili, kama mtu anayeipima nyumba kwa mgongo.

Asubuhi jua lilikuwa limeshafika barazani baba alipokuja, na maalim nyuma yake, na binamu na kitanda. Majirani hawakukosekana.

"Hodi."

Safari hii mama alifungua mwenyewe, mlango wote.

"Karibu, mgeni," alisema. Baba alinyanyua mguu aingie, na mama akanyoosha mkono mbele yake. "Ngoja. Nina neno, na nataka hawa walisikie. Kitanda kitakaa chumba cha nyuma. Cha mbele nimewapa wasichana. Na siku huyu mkubwa atakapokuwa na wa kwake, au mdogo wake akiwa na uhitaji zaidi, nitawaita kaka zangu wateremke kama alivyoteremka wifi yangu, nitoke na sanduku langu kichwani mchana kweupe, nimkabidhi ufunguo. Wa kiume nitamtafutia kiwanja, baba yake amjengee angali na nguvu. Sitaki kungojea homa."

"Na mimi nitakwenda wapi?" aliuliza baba.

"Wewe u mgeni wangu. Mgeni hufuatana na mwenyeji wake."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu, kikapu chake kimeshafungwa kwa safari ya mlimani. Aligonga ukuta mara moja kwa kifundo cha kidole na kuitikia kwa kichwa taratibu, kama mnunuzi aliyeridhika na chungu.

Baba aliinama. Akavua viatu vyake kizingitini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya katika nyumba ile tangu alipoijenga, akavishika mkononi, akamwuliza mama aviweke wapi.